Miti Iliyokosa Mkanda Mwekundu

Mwaka 1994 nilikuwa kijana wa miaka 20, nimemaliza kidato cha nne na sina kazi. Ajira ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kupaka miti rangi. Tulipewa kopo la rangi nyekundu na brashi, wawili wawili, tukazunguka mabonde na vichaka vya kandokando ya kambi ya wakimbizi ya Rubwera. Kila mti mkubwa wenye faida tuliuzungushia mkanda wa rangi usawa wa kifua: misambya, mihumula, mitoma, mikuyu. Maana ya mkanda ilijulikana kambi nzima: huu haukatwi. Mti usio na mkanda ulikuwa kuni.

Leo Rubwera ni makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na watoto waliozaliwa baada ya kambi kufungwa wana watoto wao. Wanangu wamekuwa wakinihimiza niandike habari za wakimbizi. Naandika, ila nitakaa zaidi kwenye mti mmoja mdogo ambao haukupata mkanda, kwa kuwa habari zake sijaona mtu aliyeziandika, na tulioziona kwa macho tunazidi kupungua.

Chini ya kijiji chetu kulikuwa na bonde linaloteremka kuelekea Mto Kagera, na bonde hilo lilikuwa na kibira. Halikuwa pori kubwa. Asubuhi moja ilitosha kulizunguka. Juu kulikuwa na mihumula na mitoma, chini kijito, na katikati, kivulini, mibuni. Hakuna aliyejua imepandwa na nani. Ilikuwa myembamba na mirefu, imejivuta kutafuta mwanga, matawi machache, matunda machache tena madogo. Mibuni ya kibanjani, shambani kwetu nyumbani, ilikuwa minene, imetambaa, imeinamishwa na babu kwa vigingi ili ichumike kwa urahisi. Ya babu ilikuwa ya kupeleka chama cha msingi. Ya bondeni ilikuwa ya bibi, na ilikuwa ya kutafuna.

Sisi Wanyambo na ndugu zetu Wahaya tumetafuna kahawa kabla hatujajua kwamba kuna watu wanaoinywa. Bibi alichuma matunda kabla hayajawa mekundu, yanapoanza tu kuacha ukijani wake. Aliyachemsha kwenye chungu pamoja na majani ya kunukia aliyoyakata mwenyewe, akayaanika juani hadi yakakunjamana, halafu akayapandisha darini juu ya meko yakapata moshi. Yakishushwa yalikuwa meusi na magumu. Ukiuma moja unasikia moshi kwanza, kisha uchungu, kisha ile harufu ya majani inapanda puani. Mgeni hakuulizwa ana shida gani kabla ya kusogezewa kikapu kidogo cha akamwani, yaani kahawa hiyo ya kutafuna. Akikataa, ilibidi aeleze kwa nini.

Tulipomuuliza kwa nini anahangaika kushuka bondeni wakati kibanja kimejaa kahawa, alisema ya chini ina ladha yake, na kwamba ya babu imezoea kubembelezwa. Sikuyatia maanani maneno hayo kwa miaka mingi.

Kahawa ndiyo iliyofunga omukago, udugu wa kuchanjiana. Tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolaliana. Wanaume wawili waligawana tunda hilo, kila mmoja akapaka punje damu yake, mwenzake akaimeza, na tangu hapo wakawa ndugu. Babu alikuwa na ndugu wa namna hiyo ng'ambo ya mto. Mwezi Mei 1994 watoto wa ndugu huyo walifika nyumbani kwetu usiku, bila wazazi.

Nalazimika kusema jambo hapa, kwa sababu wapo wanaozungumzia uharibifu wa miti ya wakati ule kana kwamba wakimbizi walikuja kuharibu. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa siku moja hivi, watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Kwetu Karagwe walivuka kwa mitumbwi na kwa kuogelea, wakati Mto Kagera ulikuwa ukishusha maiti za waliouawa Rwanda kwenda Ziwa Viktoria, na kwa majuma mengi watu wetu hawakula samaki. Kambi zikafunguliwa Chabalisa, Kagenyi, Omukariro, Murongo, Rubwera. Kwa mkoa mzima wa Kagera walifika yapata nusu milioni. Watu hao walipewa mahindi na maharage makavu, vyakula vinavyohitaji moto wa saa nyingi. Ukimpa mama maharage makavu bila kuni, umemwagiza akakate mti. Ndivyo hesabu ilivyokuwa, na wala haikuwa siri.

Kwa hiyo ile rangi nyekundu ilikuwa na nia njema, na naamini iliokoa miti mingi. Mihumula kadhaa niliyoipaka mwenyewe ipo hadi leo. Maelekezo tuliyopewa yalikuwa mti mnene, mti wa mbao, mti wa matunda yanayoliwa, mti wa chanzo cha maji. Mbuni wa kibirani unene wake ni wa kifundo cha mkono. Katika orodha ile haukuwa na pa kuingia, na hakuna mtu, wa kijijini wala wa shirika, aliyesimama akasema na huu pia upakwe. Nao ulikuwa kuni nzuri kupita kiasi: mti mgumu, mnyoofu, unaofungika mzigo vizuri kichwani, unaowaka bila moshi mwingi. Akina mama waliupenda. Wa kambini waliukata, na wa kijijini walioona kwamba utaisha nao wakashuka kuchukua fungu lao. Mwaka mmoja haukupita, chini ya ile miti yenye mikanda kukawa peupe, unaona kijito kutoka barabarani.

Bibi alikuwa ameshakuwa mtu wa kukaa kibarazani. Aliposikia, aliuliza kama imebaki hata mitatu.

Serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda warejee kwao ifikapo tarehe 31 Desemba 1996. Wengi wao kwanza walikimbilia ndani ya nchi, wakarudishwa na askari, kisha ile misururu ikaelekea mpakani kwenye mvua. Kabla ya Krismasi Rubwera ilikuwa uwanja wa matope na mashimo ya vyoo. Vichaka vingine vya rweya, ile nyika ya nyasi, vilichipua tena haraka, maana mizizi haikung'olewa. Kibira cha bondeni hakikurudi vile. Jua lililoingia lilileta nyasi, nyasi zikaleta mifugo, mifugo ikala kila kichomozacho.

Halafu ukaja mnyauko wa kahawa.

Uganda walikuwa wameuona tangu 1993. Kwetu Kagera ulithibitishwa miaka mitatu minne baadaye, na jina lake la kitaalamu la kwetu likawa mnyauko fuzari. Kwanza jani linakuwa la njano, linajikunja, linapukutika. Tawi moja linakauka, kisha upande mzima. Matunda yanaiva kabla ya wakati, hivyo mwenye kibanja anaweza kufurahi kwa juma moja. Ukichuna gome karibu na ardhi unakuta mti ndani umepigwa michirizi ya rangi kati ya bluu na nyeusi. Hapo kazi imekwisha. Kuvu anayeleta ugonjwa huo huingia kwenye kidonda, na kidonda anakitia mkulima kwa panga na jembe lake, akihama kutoka shina bovu hadi shina zima. Bwana shamba alitufundisha kung'oa na kuchoma palepale bila kuburuta. Baba alichoma mibuni iliyoinamishwa na babu. Ilikuwa ni ile iliyojenga nyumba ya bati wakati bei ilipopanda mwaka 1976 na 1977, baada ya baridi kali kuunguza kahawa ya Brazili, na ndiyo iliyolipa ada yangu ya shule.

Uganda walipoteza karibu nusu ya mibuni yao yote ya robusta. Sisi tulipigwa kwa mafungu, kijiji hiki kikawaka, cha pili kikabaki. Bei ya kahawa duniani nayo ikaanguka vibaya kufikia 2001, na wenye shida wakaiuza ingali maua mtini kwa wafanyabiashara, biashara tunayoiita butura, au wakaivusha usiku Murongo kuingia Uganda. Wengine walikata tamaa wakang'oa hata mizima.

Miaka hiyohiyo alifika kijijini mtaalamu mmoja wa kahawa. Alikuja na mkoba wa bahasha za karatasi, akaketi na wazee, na swali lake likawashangaza: je, mnajua mahali ambapo mibuni inaota yenyewe porini? Wazee walidhani anatafuta magugu. Alieleza polepole, na mimi nilikuwa nikimtafsiria kwa Kinyambo, hivyo nakumbuka kwa sababu ilibidi niseme kila jambo mara mbili.

Alisema robusta ni mzaliwa wa misitu ya Afrika ya joto, kuanzia magharibi hadi huku kwetu na Uganda, na kwamba bado kuna mahali, kama msitu wa Kibale, inakoota bila kupandwa. Alisema mbuni wa robusta haujichavushi wenyewe. Unahitaji chavua ya mti mwingine, kwa upepo au kwa nyuki, ndiyo maana ukiatika mbegu za mti mmoja unapata watoto wenye sura tofauti, na katika watoto hao wa porini, waliopigana na kivuli, kiangazi na kuvu kwa maelfu ya miaka bila dawa ya mtu, huenda mmoja akawa na kinga ambayo mibuni ya shambani haina. Alitaka majani ya kupimwa vinasaba, ili ijulikane kama mibuni hiyo ni ya asili kweli au ni mbegu za mashambani zilizodondoshwa na ndege na tumbili, kwa sababu kwa macho hutambui. Mzee mmoja alimshika mkono akamteremsha bondeni. Walirudi mapema. Mtaalamu hakusema kitu kuhusu bonde lile. Aliuliza tu kama kuna la jirani.

Baadaye nilifanya kazi ya ugani, nikasoma, na kila nilichosoma kilinirudisha kwenye maneno ya mtu yule. Kutu ya majani ndiyo iliyoua kahawa ya Sri Lanka, kuanzia 1869. Dawa iliyokuja kusaidia dunia haikutoka kiwandani. Mwaka 1927, kisiwani Timor, uligunduliwa mbuni mmoja uliozaliwa kwa kujamiiana kwa arabika na robusta bila mtu kuingilia, na kinga ya robusta ikapita kwa mtoto. Ukoo wa mti huo ndio uliozaa kahawa nyingi zinazostahimili kutu leo, ikiwemo Ruiru 11 ya Kenya. Na hiyo arabika yenyewe, ambayo wenye hadhi huisifia, ni mtoto wa robusta upande mmoja na upande wa pili wa mbuni mwembamba wa porini uitwao *Coffea eugenioides*, ambao kwao ni nyanda za juu za huku Afrika Mashariki na Maziwa Makuu. Wanasayansi wanasema ndoa hiyo ilifungwa miaka laki kadhaa iliyopita. Mwaka 2021, mashindano ya dunia ya waandaaji kahawa yalipofanyika Milan, baadhi ya waliofika fainali walimimina vikombe vya eugenioides. Ilikuwa imelimwa Kolombia.

Hilo la Kolombia linaniuma, nasema wazi. Ndizi zetu tunazipenda kuliko kahawa, lakini ndugu zao wa porini wako Asia. Hata mnyauko wa ndizi ulipoingia Muleba mwaka 2006 hatukuwa na msitu wa kukimbilia. Kahawa ni tofauti. Ukoo wake uko mlangoni kwetu, na sisi ndio tunaoukata.

Mwaka 2019 watafiti wa bustani ya Kew, Uingereza, walichapisha hesabu yao: kati ya aina 124 za kahawa zinazojulikana, asilimia 60 ziko hatarini kutoweka porini. Kew ninaijua kwa sababu nyingine. Wapelelezi Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, pale Bweranyange mwezi Novemba 1861, Grant alishikwa na kidonda cha mguu, akabaki Karagwe miezi kadhaa wakati mwenzake ametangulia Buganda. Katika safari ile alikusanya mimea, na majani yake yaliyokaushwa yapo Kew hadi sasa. Kwa hiyo kuna mimea ya Karagwe ya enzi za Rumanyika iliyohifadhiwa London kwa usalama kabisa, imebanwa kwenye karatasi, na haitaota tena.

Wapo watakaosema mbegu ziwekwe kwenye majokofu. Kwa mtama, maharage na ulezi, hiyo ni kazi njema, na kituo cha taifa cha nasaba za mimea Arusha kinaifanya. Kwa kahawa haiwezekani kirahisi. Mbegu ya kahawa haivumilii kukaushwa sana na kugandishwa kama punje ya mtama. Miezi ikipita inapoteza uhai. Ndiyo maana hifadhi za kahawa duniani, Madagaska, Kosta Rika au Jimma nchini Ethiopia, ni mashamba ya miti hai, yenye kuhitaji palizi, walinzi na mishahara kila mwaka. Bajeti ikikatwa, mkusanyo unakufa umesimama. Mahali pa bei nafuu kuliko pote pa kutunzia mbuni wa porini ni kivulini mwa mhumula, kando ya kijito, ambako hauhitaji mshahara wa mtu.

Kituo cha utafiti cha Maruku karibu na Bukoba kimefanya kazi ninayoiheshimu. Kimetoa robusta zinazostahimili mnyauko, zilizopewa majina ya Maruku, Bukoba na Muleba, na miche yake ya vikonyo ndiyo iliyorudisha kahawa kwenye vibanja vingi vya Karagwe na Kyerwa. Nimeigawa mwenyewe na nimeona watu wakisomesha watoto kwa mapato yake. Lakini mche wa kikonyo ni nakala ya mama yake. Mkulima akijaza kibanja kwa nakala za mama wachache, kuvu akijifunza kumwingia mmoja amejifunza kuwaingia dada zake wote. Ndipo atakapohitajika tena yule wa porini, na sijui tutampeleka mtaalamu bonde gani.

Mwaka 2019 pia tulipata hifadhi za taifa mbili mpya, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizokuwa mapori ya akiba. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila hifadhi zinahesabu pundamilia na swala, na vibira vidogo vya mabonde ya vijiji, vyenye ukubwa wa viwanja viwili vya mpira, viko nje ya mipaka yake. Havina mlinzi wala bango. Kwenye ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji chetu, bonde limeandikwa "malisho". Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama mkutanoni na kusema katika hizo mita 60 kuna kitu kinachoitwa kahawa.

Nimesimama. Mwanzoni walinisikiliza kwa adabu ya mzee. Mpwa wangu, ambaye ana kibanja kinachopakana na bonde, alitaka kupanda mikaratusi hadi kwenye kijito, maana nguzo zinauzika. "Mjomba," aliniambia mbele ya watu, "hiyo mibuni ya bibi italipa lini?" Lilikuwa swali halali na nililijibu kwa hesabu yake. Nilimwambia kahawa yake haizai bila chavua ngeni, nyuki wanaoileta wanalala kwenye kibira na si kwenye mikaratusi, na kijito kikikauka atamwagilia kitalu kwa kununua maji. Hakukubali yote. Alikubali kuacha ukanda wa mita 60, kwa sharti kwamba majirani zake nao waache, na hilo limeandikwa kwenye muhtasari wa serikali ya kijiji.

Mbegu ya kuirudisha mibuni hiyo tunayo. Jirani yetu, mwanamke wa rika la bibi, alikuwa amehamisha miche michache kutoka bondeni zamani sana, akaipanda nyuma ya nyumba karibu na makaburi, ambako watu hawakati ovyo. Mmoja ulikufa kwa mnyauko kama wenzake wa shambani, nasema hivyo ili mtu asidhani ninasimulia muujiza. Miwili ipo, inachavushana, na inazaa. Wajukuu wake wameniruhusu kuchuma. Majani yake yanapaswa kupimwa, na tumeshaomba. Kama itaonekana ni ya shambani iliyotoroka, bado ni ukoo uliokaa kibirani vizazi vingi na una haki ya kutunzwa.

Msimu huu matunda yanaanza kuiva mwezi Juni. Tutayachuma mekundu, tuyamenye kwa mkono, tukaushe punje kidogo kivulini na kuziatika zikiwa mbichi juma hilohilo, kwenye kitalu alichokubali mpwa wangu kiwe upande wake wa kijito. Mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi ameomba viriba hamsini kwa ajili ya wanafunzi wake. Nimemwambia achukue mia.